Nani alishika utepe?

Mtu anayepima miti Dar es Salaam, swali la kwanza analoulizwa halihusu aina ya mti wala umri wake. Anaulizwa: "Mmekuja kuukata?"

Nililisikia Sinza, asubuhi moja ya mwezi wa pili, saa tatu haijafika na jua limeshaanza kuuma. Nilikuwa nimefuatana na kikundi cha watafiti wa miti ya mjini kutoka chuo kimoja cha hapa jijini: fundi sanifu aliyekaribia kustaafu, dada mmoja wa shahada ya uzamili, vijana wawili waliokuwa fildi, na mjumbe wa mtaa aliyekuja na kandambili na simu mbili. Mwalimu mwenye mradi hakuwepo, alikuwa na kipindi. Mama mwenye nyumba alifungua geti kiasi cha kutoa uso tu. Mwembe wake ulikuwa ndani ya ukuta, lakini nusu ya kivuli ilikuwa nje, na chini yake vijana wa bodaboda walikuwa wameshaweka kiti cha gari kilichochomolewa, kijiwe kimekamilika.

"Shikamoo mama," dada akaanza.

"Marahaba. Mmekuja kuukata?"

Mjumbe akawahi: "Hapana mama, hawa wanafunzi wa chuo. Wanaupima tu."

"Wanaopima ndio wanaokata," mama akasema, na geti likabaki pale pale.

Hana kosa. Katika jiji hili utepe haujawahi kutangulia jambo jema. Anayekuja na utepe anakuja kupanua barabara, kuthamini kiwanja au kuonyesha mwisho wa hifadhi ya barabara ulipo, na baada yake inakuja alama ya X nyekundu ukutani. Waulize waliokuwa wakiishi kati ya Kimara na Kiluvya mwaka 2017 rangi nyekundu maana yake nini. Kikundi hiki kililijifunza somo hilo kwa aibu. Msimu wa kwanza waliandika namba za miti kwa rangi nyekundu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa dukani. Siku ya pili yake simu ya fundi haikupumzika. Wakahamia vibati vya alumini vilivyopigwa msumari. Ndani ya wiki chache vibati vikaenda kwenye vyuma chakavu, na misumari pia. Wakategemea simu zitaje mahali mti ulipo. Simu ikibanwa katikati ya kuta mbili ndefu hukosea kwa mita kadhaa, na ndani ya mita hizo unaweza kukuta miarobaini mitatu iliyopandwa siku moja na mkono mmoja. Mti namba 47 ni upi?

Fundi anajua. "Ule wa geti la bluu, wenye bango la mganga." Hiyo ndiyo kanzidata. Inapanda daladala kila asubuhi na mwaka kesho kutwa inastaafu.

Tunapozungumza kuhusu utafiti wa miti ya mjini tunazungumza kuhusu matokeo: joto limepungua kiasi gani, maji ya mvua yamezuiwa kiasi gani, kaboni tani ngapi. Ni mara chache tunauliza namba hizo zimetoka mkononi mwa nani. Nami nasema kwamba jibu la swali hilo ni sehemu ya sayansi yenyewe, wala si suala la adabu au la kushukuru watu mwishoni mwa ripoti. Utafiti wa miti usiojua nani alishika utepe haujui namba zake zimetoka wapi.

Tazama kazi yenyewe kwa karibu. Shina hupimwa kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Huo ni utaratibu wa sehemu kubwa ya dunia. Utepe wa kupimia una ujanja wake: umegawanywa kwa hesabu ya pai, kwa hiyo ukiuzungusha kwenye shina unasoma kipenyo moja kwa moja bila kikokotoo. Msituni mambo ni mepesi, shina limenyooka na hakuna mtu. Mjini, kimo cha kifua ndipo mahali hasa ambapo watu hufanyia mambo yao. Pale ndipo bango la mganga lilipo, na waya wa kuanikia nguo umekula ganda mpaka mti umevimba. Mwarobaini nao, uliokatwakatwa tangu ukiwa mche, umegawanyika matawi matatu usawa wa goti. Upime wapi? Juu ya uvimbe au chini yake? Matawi matatu upime kila moja peke yake kisha uyaunganishe kwa hesabu, au uchukue lililo nene? Ipo miongozo, lakini mwongozo haushiki utepe. Anayeshika ndiye anayeamua, kwa sekunde nne, huku jua linamchoma na mama anamkodolea macho.

Wale vijana walikuwa na fimbo iliyokatwa mita 1.3 ili wasipime upya kila mara. Fundi aliiangalia, akaisimamisha kando ya utepe wake, akacheka kidogo. Ilipungua vidole viwili. Kumbe wikendi iliazimwa ikawa mpini wa fagio, na fagio likataka mpini uliochongwa ncha. Miti kumi na tano ya siku iliyotangulia ilikuwa imepimwa kwa fimbo hiyo. Waliirudia yote kabla ya chai.

Vidole viwili si kitu, utasema. Kwenye shina lililonyooka, kweli si kitu. Lakini shina linalopanuka kuelekea chini, upime chini kidogo na tayari umeongeza kipenyo. Kisha kipenyo kinaingizwa kwenye fomula ya kukadiria uzito wa mti, na fomula hizo hukipandisha kwa kipeo kinachozidi 2, mara nyingi karibu na 2.5. Kosa la asilimia 3 kwenye kipenyo hugeuka kuwa asilimia 7 au 8 hivi kwenye uzito. Tena fomula nyingi zilitokana na miti ya msituni. Watafiti waliochunguza miti ya Chicago, ambao ripoti yao ilitoka mwaka 1994, waliona kwamba miti ya mjini inayokua peke yake na kupunguzwa matawi ina uzito mdogo kuliko fomula zinavyosema, wakazidisha majibu kwa 0.8. Hapo ni Chicago. Mwembe wa Sinza unaopunguzwa kila mwaka upande mmoja ili usiguse nyaya, kisha ukaachwa umeinama kama mtu mwenye mzigo bega moja, uzidishe kwa ngapi? Fundi ana maoni. Hakuna fomu iliyomuuliza.

Fani hii yenyewe ilizaliwa na usahaulifu wa namna hiyo hiyo. Jina "misitu ya mjini" kwa maana ya kitaaluma huhusishwa na Erik Jorgensen wa Chuo Kikuu cha Toronto, mwaka 1965, alipotafutia jina kazi ya mwanafunzi wake iliyohusu upandaji miti wa manispaa. Katika simulizi nyingi Jorgensen anatajwa kwa jina. Mwanafunzi anabaki "mwanafunzi."

Na hapa kwetu? Nenda Bustani ya Mimea, pale karibu na Makumbusho ya Taifa. Ilianzishwa mwaka 1893 chini ya Mjerumani Franz Stuhlmann, kwa ajili ya kujaribu mazao ambayo koloni lingeweza kuyauza. Mwaka 1902 kazi kubwa ya majaribio ikahamia Amani, Usambara, naye Stuhlmann akawa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya huko. Mpangapanga, ule mti wa mbao nyeusi zenye mistari, kisayansi unaitwa Millettia stuhlmannii mpaka leo. Waliochimba mashimo ya bustani ile, wakabeba maji, wakajua mche upi utakufa kabla ya bwana mkubwa kujua, hawakuachiwa hata jani.

Hata hivyo, na hili napenda kulisema kwa sauti, wataalamu wa mimea wana desturi moja ambayo wenzao wanaopima miti mjini wangeiiga bila aibu. Ingia kwenye hebaria, ghala la mimea iliyokaushwa, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kule Mlimani. Kila karatasi yenye tawi lililobandikwa ina kibandiko: mahali, tarehe, na jina la aliyechuma pamoja na namba yake ya kuchuma. Bila jina la mchumaji kielelezo kinapoteza nusu ya thamani yake. Mtaalamu akitaja kielelezo katika maandishi, anakitaja kwa jina la aliyekichuma na namba, sio kwa jina la profesa aliyeomba fedha. Hawakuweka utaratibu huo kwa wema. Waliuweka kwa sababu miaka 50 baadaye mtu atashangaa kwamba mmea fulani ulionekana Pugu, na atataka kujua ni nani aliyeuona, ana jicho gani, siku ile alipita njia ipi, na daftari lake liko wapi.

Leonard Mwasumbi alifanya kazi katika hebaria hiyo kwa miaka mingi na kuchuma mimea karibu kila kona ya misitu ya pwani na milima ya mashariki. Mwaka 2009 wataalamu wa ukoo wa mstafeli na mtopetope walipoeleza jenasi mpya kabisa ya mti wa Tanzania, waliiita Mwasumbia. Kutoka Stuhlmann hadi Mwasumbi ni zaidi ya miaka 100, lakini kibandiko ndicho kilichofanya iwezekane. Bila jina lake kwenye maelfu ya karatasi, nani angejua pa kuanzia kumkumbuka?

Sasa linganisha na jedwali la miti ya mjini. Safu ya namba ya mti, aina, kipenyo, urefu, upana wa kivuli, hali ya shina. Safu ya mpimaji hakuna, au ipo kwenye fomu ya karatasi na inafutwa data zikisafishwa, kwa sababu "haihitajiki katika uchambuzi." Inahitajika sana. Wapimaji wawili wakipima mti mmoja hawapati jibu moja. Kwenye kipenyo hutofautiana kidogo, kwenye urefu hutofautiana zaidi, na kwenye "hali ya mti" kila mtu ana macho yake. Kijana aliyekulia Vingunguti haiti "mti dhaifu" kile ambacho kijana wa Masaki atakiita hivyo.

Kama mfano wa vitabu vya mimea ni wa zamani mno, upo wa juzi. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliingiza wanafunzi wa vyuo vya hapa, wa Chuo Kikuu Ardhi wakiwemo, kwenye mitaa inayofurika pamoja na wakazi wake, wakachora mitaro, nyumba na vichochoro katika ramani huria ya OpenStreetMap. Katika ramani hiyo kila mstari unatunza jina la akaunti iliyouchora na tarehe yake. Ukiona mtaro Tandale umechorwa mahali usipo, unaweza kumfuata aliyeuchora umuulize. Vijana wale wale, wakienda kupima miti kwa ajili ya makala ya jarida, wanageuka kuwa "wasaidizi wa utafiti" kwenye mstari wa shukrani.

Siwalaumu walimu, angalau si wote. Mwalimu wa chuo kikuu hupandishwa cheo kwa machapisho, na machapisho yana kanuni za nani aitwe mwandishi: lazima ushiriki kufikiri na kuandika. Fundi hakuandika. Mmoja wa walimu nilipomgusia jambo hili aliniambia, kwa upole, kwamba nikifungua mlango huo kila dereva atataka awe mwandishi mwenza. Sawa. Mimi siombi uandishi. Naomba safu moja kwenye jedwali.

Halafu kuna muda, na hapa ndipo tatizo linapouma kweli. Dar es Salaam haina kitivo cha misitu. Mafunzo ya shahada ya misitu yalianza Morogoro mwaka 1973, wakati huo yakiwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu 1984 yako ndani ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kwa hiyo hapa jijini kikundi cha miti ya mjini huwa cha kuungaunga: mtu wa botania kutoka Mlimani, mtu wa mipango miji kutoka Ardhi ng'ambo ya barabara, mtu wa jiografia, pengine mhandisi wa maji. Kinachowaunganisha ni mradi, na mradi una tarehe ya mwisho. Mradi wa Ulaya wa CLUVA, kwa mfano, uliochunguza namna miji ya Afrika inavyoathirika na mabadiliko ya tabianchi na kuichukua Dar es Salaam pamoja na Addis Ababa, Douala, Ouagadougou na Saint-Louis, ulianza 2010 ukaisha 2013. Kwa mradi wa kimataifa huo ni muda wa kawaida tu. Kwa mwembe uliooteshwa kwa kokwa, bado haujazaa hata embe moja.

Kupima mti mara moja ni kuupiga picha. Sayansi inaanza siku unaporudi kuupima tena mti ule ule, miaka mitano au kumi baadaye, ukajua umekua kiasi gani, umekufa kwa nini, nani aliukata. Ili urudi unahitaji mtu anayejua ni upi. Na mtu huyo ndiye wa kwanza kuondoka fedha zikikatika. Kijana wa fildi amehitimu yuko Dodoma, dada wa uzamili ameajiriwa kwenye benki, kishikwambi chenye data kimekuwa cha mtoto kuchezea gemu. Mwalimu peke yake ndiye aliyebaki, naye, kama nilivyosema, alikuwa na kipindi.

Wakati huo huo upande wa upandaji namba hazikosekani. Halmashauri zimekuwa zikipewa lengo la kupanda miti 1,500,000 kila moja kwa mwaka, na masika yakianza kila kiongozi anapigwa picha na koleo. Sina ugomvi na koleo. Lakini mtu anayeweza kukuambia mche upi ulipona ni mlinzi wa zamu ya usiku anayeumwagilia maji ya kuoshea vyombo, na muuza miche wa kando ya barabara anayejua kwamba mwashoki unanunuliwa kwa sababu haupanuki na mkungu unakataliwa kwa sababu majani yake yanaziba mtaro. Hao nao ni watafiti wa miti ya mjini. Hawana barua ya utambulisho, basi.

Mwaka 2021 Cecil Konijnendijk, mtaalamu wa misitu ya mjini, alitoa kanuni ambayo sasa inasikika kila mkutano wa miji: miti 3 ionekane kutoka kila nyumba, asilimia 30 ya kila mtaa iwe chini ya majani, na isizidi mita 300 kufika kwenye bustani iliyo karibu. Ile 30 unaweza kuikadiria kwa picha za setilaiti ukiwa umekaa ofisini na kiyoyozi. Ile 300 unaipima kwenye ramani. Ile 3 haipatikani mpaka mtu agonge geti, asalimie vizuri, aruhusiwe kuingia, na asimame dirishani kwa mtu. Katika jiji lililohesabiwa kuwa na watu 5,383,728 mwaka 2022, hayo ni mageti mengi. Kanuni nzima inasimama juu ya kijana mmoja na salamu yake.

Niliwaeleza wazo langu la safu ya jina wakati tunakunywa chai kwa mama lishe. Nilidhani vijana watafurahi. Mmoja alinyamaza, akavunja chapati, kisha akasema: "Kaka, wakija kuukata mwakani, mama atasema ni mimi." Sikuwa nimeliwaza hilo. Jina kwenye jedwali ni heshima, lakini pia ni dhamana. Linakufunga na mti na linakufunga na mwenye mti. Labda ndiyo sababu tumekuwa wepesi wa kuliacha. Namba isiyo na mtu haiwezi kuitwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Fundi alikuwa kimya muda wote. Alitoa kaunta buku lake, lile lenye gamba gumu, ambalo hubeba sambamba na kishikwambi cha mradi. Ndani, kwa kalamu ya bluu, kulikuwa na safu mbili ambazo kishikwambi hakina. Moja: herufi za kwanza za jina la aliyeshika utepe, mti kwa mti, miaka sita nyuma. Ya pili hakuipa kichwa. Imejaa vitu kama "mwenye nyumba amefariki, mtoto anataka kujenga fremu" na "unamwaga majani vibaya, jirani analalamika" na "mbwa." Nilimuuliza nani alimwambia aandike hivyo. Akasema hakuna, ila mwanzoni alikuwa akisahau.

Tulirudi kwenye geti la yule mama wa mwembe karibu saa sita, maana alisema tumpishe kwanza amalize kupika. Safari hii alifungua lote. Kijana yule yule wa chapati ndiye aliyezungusha utepe, fundi akiwa pembeni hasemi kitu, dada akiandika. Upande wa pili wa shina mkono wake ulipotea kati ya mti na ukuta, akapapasa, akaunasa mwisho wa utepe, akauvuta taratibu ukae sawa. Sentimita 61.4. Mama aliusogelea mti akaangalia namba kama anaielewa.

"Na wewe unaitwa nani?"

Kijana akamtazama fundi, kisha akataja jina lake na la baba yake. Mama akalirudia mara mbili, polepole, akafunga geti.